Waparakuyo na Nyika ya Mkomazi

Mashariki ya mji wa Same, chini ya Milima ya Upare, imetanda nyika kame inayofika mpaka wa Kenya na kuungana na hifadhi ya Tsavo. Leo ni Hifadhi ya Taifa Mkomazi, yenye eneo la kilomita za mraba 3,245. Wazee kadhaa wa Kiparakuyo waliozaliwa humo hawaruhusiwi tena kuingia na mifugo yao.

Waparakuyo husema Kimaa kama Wamasai, na katika maandishi ya karne ya 19 mara nyingi huitwa Wakwavi. Vita baina ya makundi ya wasema Kimaa viliwatawanya wakafuata bonde la Pangani, wakafika Handeni na baadaye hata Morogoro. Kwa hiyo anayetafuta habari za babu wa Kiparakuyo hukutana na safari tangu mwanzo. Kwa kawaida babu kama huyo hakuacha daftari la ubatizo wala hati ya shamba. Umri wa mzee hujulikana kwa rika lake, na mahali alipoishi kwa majina ya mabwawa na malambo aliyonyweshea ng'ombe.

Karatasi zilianza kuwafuata mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipotangaza Pori la Akiba Mkomazi. Baadhi ya familia za Kiparakuyo zilizokutwa upande wa mashariki, katika wilaya ya Lushoto, ziliruhusiwa kubaki. Ruhusa hiyo ilikuwa na ncha mbili: iliwatambua wenyeji wachache, na papo hapo ikawageuza wengine wote kuwa wavamizi. Hata hivyo wafugaji waliongezeka, Waparakuyo, Wamasai, Wakamba, Wasambaa na Wapare, na kufikia miaka ya 1980 ng'ombe waliokuwa porini walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wahifadhi walisema nyika inaharibika. Watafiti wa baadaye, akiwemo Dan Brockington, walitilia shaka ushahidi wa madai hayo.

Mwaka 1988 wote waliamriwa kuondoka, wakiwemo wale walioruhusiwa tangu ukoloni. Maboma yalichomwa. Wengi walijibana kwenye ukanda mwembamba kati ya mpaka wa pori na mashamba ya vijiji vya chini ya milima, mahali pasipo malisho ya kutosha. Wengine walivuka kwenda bonde la Ruvu, magharibi ya Upare, au Simanjiro. Ng'ombe wengi walikufa au kuuzwa. Aliyeumia zaidi ni mwanamke, kwa kuwa maziwa aliyokuwa akiuza sokoni ndiyo yaliyonunua mahindi ya nyumbani. Anayeingiza mifugo porini hutozwa faini, nayo faini hulipwa kwa kuuza ng'ombe mwingine.

Katikati ya miaka ya 1990 wafugaji walifungua kesi Mahakama Kuu, Moshi, kupinga kuondolewa kwao. Hapo nasaba ikawa hoja ya sheria. Ili kudai ardhi kwa mila, ilibidi waonyeshe kwamba wazazi wao walikuwapo tangu zamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hoja kwamba walikuwa wageni wa karibuni katika eneo hilo. Ni kipimo kigumu kwa watu wanaoishi kwa kuhama: mfugaji anayefuata mvua huonekana mgeni kila anapokutwa.

Pori nalo lilipata sura nyingine. Tony Fitzjohn, aliyewahi kufanya kazi na mtunza simba George Adamson nchini Kenya, alifika mwaka 1989 kuongoza ukarabati wake; mbwa mwitu walizalishwa, na kuanzia mwaka 1997 faru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini na kufugwa ndani ya uzio. Mwaka 2008 Mkomazi ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, hatua iliyofunga kabisa mlango wa malisho kisheria.