Gari la ubia ni la nani?

Wachina wana neno guochan: guo ni nchi, chan ni kuzalisha. Kwa maana hiyo, Volkswagen Santana iliyoanza kuundwa Shanghai miaka ya 1980 ilikuwa guochan bila ubishi. Mnunuzi wa kule hakubali. Hiyo yeye anaiita hezi, mtaji wa pamoja, yaani ya ubia. Guochan mdomoni mwake ni Geely, Chery au BYD.

Utadhani kinachopimwa ni hisa. Basi tazama Tesla: kiwanda chake cha Shanghai ni mali yake peke yake, hakuna mbia Mchina, lakini magari yalipoanza kutoka huko mwishoni mwa 2019 yakaitwa guochan! Sababu ni kwamba yalilinganishwa na yale yaliyoshushwa melini. Volkswagen hulinganishwa na chapa za wazawa, ndiyo maana inanyimwa jina.

Kiswahili hapa kina nafuu, maana tunaweza kutenganisha “gari lililoundwa China” na “gari la Kichina”. Santana ni la kwanza, si la pili. Volvo, iliyonunuliwa na Geely mwaka 2010, sijui muuzaji gani atathubutu kuiita ya Kichina mbele ya mteja.