Kutoka Mageuzi hadi Mabadiliko: Lugha na Historia ya Upinzani Arusha na Meru

1.0 Utangulizi



Historia ya chama cha siasa kwa kawaida huandikwa kwa kuwafuata watu wake: nani alikiasisi, nani alikipandisha, nani alikihama. Jioni ya leo ninakusudia kuifuata historia ya upinzani katika mji wa Arusha na vitongoji vya Mlima Meru kwa njia nyingine, yaani kwa kuyafuata maneno yake. Hoja yangu ni moja. Katika kipindi cha miaka thelathini na ushei, upinzani wa Arusha ulipata nguvu kila ulipotumia neno linalomfanya mwananchi kuwa mtenda. Ulipolegea, ulikuwa umelipokea neno linaloeleza tendo bila kumtaja anayelitenda. Sidai kwamba mofolojia huamua matokeo ya uchaguzi. Ninadai tu kwamba neno hutupa ushahidi ambao hotuba na takwimu pekee hazitupi.

2.0 Mizizi: Ardhi na Mageuzi

Eneo hili lilikuwa na mazoea ya kudai haki kabla ya kuwa na chama chochote cha upinzani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha madai yao mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa nauli iliyotokana na michango ya Wameru wenyewe. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini jamii ilijifunza jambo ambalo halikusahaulika: kwamba msemaji hutumwa, na aliyemtuma ana haki ya kumuuliza alikofikia.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, mmoja wa waasisi wakuu wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo, yaani CHADEMA, alikuwa Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania na Waziri wa Fedha wa zamani, aliyekuwa mkulima wa kahawa huko Tengeru. Hata hivyo, uchaguzi wa mwaka 1995 haukuwa wa CHADEMA. Ulikuwa wa NCCR-Mageuzi na mgombea wake wa urais, Augustine Mrema, aliyepata takribani asilimia 28 ya kura. Jimbo la Arusha Mjini lilichukuliwa na Makongoro Nyerere, mtoto wa Baba wa Taifa, kwa tiketi ya chama hicho.

Tulitazame neno lenyewe. Mageuzi ni nomino inayotokana na kitenzi geuza, chenye kauli ya kutendesha. Anayegeuza yupo, na kinachogeuzwa kipo. Kiswahili kina pia nomino mageuko, itokanayo na geuka, lakini waasisi hawakuichagua. Jina hilo liliahidi kwamba watu wataigeuza nchi.

Ahadi hiyo ilivunjwa na watu, si na neno. Ushindi wa Arusha ulibatilishwa mahakamani, na baadaye Makongoro mwenyewe akarejea CCM. Viongozi wa kitaifa waligombana, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Chama kilichokuwa na wabunge 16 wa majimbo kikabaki jina. Upinzani wa kweli katika mkoa huo ukajikita Karatu, ambako Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa padri, alishikilia kiti cha CHADEMA tangu 1995 hadi 2010.

3.0 Gwanda na Kamanda

Mwaka 2010 upepo ulibadilika. Slaa aligombea urais na kupata zaidi ya asilimia 26 ya kura, na Arusha Mjini ikamchagua Godbless Lema. Mgogoro uliofuata juu ya uchaguzi wa meya ulizaa maandamano ya tarehe 5 Januari 2011, ambapo watu watatu waliuawa katika makabiliano na polisi. Tangu siku hiyo siasa za Arusha ziliingiwa na msamiati wa kijeshi.

Mwaka huohuo CCM ilitangaza azma ya kujivua gamba, sitiari ya nyoka anayejisafisha kwa kuacha ngozi kuukuu. Wapinzani waliidaka sitiari hiyo na kuikamilisha: Vua gamba, vaa gwanda. Gwanda lilikuwa vazi la kaki lililovaliwa na viongozi na wafuasi wa CHADEMA. Tuangalie ufundi wa kaulimbiu hiyo. Vitenzi vyote viwili viko katika hali ya kuamuru, na anayeamriwa ni msikilizaji. Sauti v na g zinarudiwa kama katika methali. Aliyelivaa gwanda aliitwa kamanda, awe mbunge au muuza mitumba wa Kilombero. Kama neno ndugu lilivyowasawazisha watu katika zama za Azimio la Arusha, kamanda nalo liliwasawazisha, ingawa kwa mantiki ya vita. Hilo la pili si dogo: kamanda huhitaji adui, na jirani wa chama kingine akaanza kuonekana hivyo.

Nguvu ya msamiati huo ilipimwa mara mbili. Tarehe 1 Aprili 2012, katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki uliofuatia kifo cha Jeremiah Sumari, Joshua Nassari, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alipata kura 32,972 dhidi ya 26,757 za Sioi Sumari wa CCM. Uhaba wa ardhi na hatima ya mashamba makubwa ya zamani vilijadiliwa tena chini ya mlima uleule wa Kirilo.

Kipimo cha pili kilihusu neno muafaka. Mwaka 2011 baadhi ya madiwani wa CHADEMA walifikia muafaka na CCM juu ya umeya, nao wakavuliwa uanachama. Tarehe 15 Juni 2013 bomu lilirushwa katika mkutano wa kampeni kwenye viwanja vya Soweto na kuua watu. Mwezi uliofuata kata nne zilipiga kura, na zote zikarudi CHADEMA. Wapigakura hawakuwafuata waliokuwa madiwani wao. Walibaki pale walipokuwa.

4.0 Mabadiliko

Julai 2015 Edward Lowassa, mbunge wa Monduli na Waziri Mkuu wa zamani, alikatwa katika mchujo wa CCM akahamia CHADEMA, akawa mgombea urais wa muungano wa UKAWA. Tangu 2007 CHADEMA ilikuwa imejijenga kwa neno ufisadi. Sasa ilimpokea kiongozi aliyejiuzulu Februari 2008 kufuatia ripoti ya Kamati Teule ya Bunge juu ya mkataba wa Richmond, ingawa mwenyewe alizikana tuhuma. Slaa akaondoka. Neno ufisadi likawa zito kutamkwa jukwaani, na nafasi yake ikachukuliwa na mabadiliko, likisindikizwa na mikono inayozungushwa hewani.

Neno hilo halikuwa geni, kwani lilisikika tangu vuguvugu la mwaka 2012. Lakini wakati ule liliandamana na amri, vua na vaa. Mwaka 2015 lilisimama peke yake. Mabadiliko hutokana na badilika, kauli ya kutendeka. Hali hubadilika kama majira yabadilikavyo. Halazimiki kuwapo wa kuibadilisha. Hata umati uliitwa mafuriko, na mafuriko hayana nia wala ajenda. Neno lisilouliza nani anabadilisha nini lilikifaa chama ambacho hakikutaka kuulizwa swali hilo.

Kwa hesabu za kura, yalikuwa mavuno makubwa. Lowassa alipata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40. Mkoani Arusha CHADEMA ilitwaa majimbo sita kati ya saba. Lakini mafuriko hukauka.

5.0 Juhudi

Kuanzia 2017 Kiswahili cha siasa kilipata kirai kipya: kuunga mkono juhudi. Diwani baada ya diwani katika Arumeru na Arusha alijiuzulu kwa maneno hayohayo. Julai 2018 mbunge wa Monduli, Julius Kalanga, aliyachukua mapito hayo. Swali la kisarufi ni hili: juhudi za nani? Jibu lilikuwa la Rais John Magufuli. Mtenda alikuwa amerudi katika sentensi, lakini hakuwa mwananchi. Viongozi wa CHADEMA walidai kuwa nyuma ya kirai hicho kulikuwa na rushwa, wahusika walikanusha.

Machi 2019 Lowassa alirejea CCM, na mwezi huohuo Nassari alipoteza ubunge kwa kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge. Baadaye naye alihamia CCM. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani haukuyakubali matokeo yake, majimbo yote saba yalikwenda CCM. Lema akakimbilia uhamishoni hadi Machi 2023.

6.0 Hitimisho

Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika kinyang'anyiro cha uenyekiti, na CHADEMA ikaja na kaulimbiu iliyosema kwamba bila mageuzi hakuna uchaguzi. Inasikitisha kwamba ilitangazwa kwanza kwa Kiingereza. Lakini katika tafsiri yake lile neno la 1992 lilirudi, na pamoja nalo michango midogo ya wananchi iliyopewa jina la Tone Tone, iliyonikumbusha nauli ya Kirilo. Aprili mwaka huo Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na chama kikaenguliwa katika uchaguzi wa Oktoba 29, ambao Arusha ilikuwa miongoni mwa miji iliyokumbwa na vurugu.

Watu niliowataja wamehama, wamerudi, wamefukuzwa, na wengine wametangulia mbele ya haki. Mpigakura wa Kaloleni au wa Engare Nanyuki hana chama cha pili cha kuhamia kila msimu, wala hapewi ukuu wa wilaya akihama. Yeye ana neno alilopewa na kiongozi wake, na ana haki ya kuuliza, kama mwalimu wa sarufi aulizavyo darasani: katika sentensi hii, mtenda ni nani?