Wimbledon: Kombe linalobebwa na mikono minne

Ukitazama fainali ya tenisi ya wanawake wawili wawili pale Wimbledon, London, acha mpira kidogo. Mwangalie yule aliyesimama karibu na wavu, kampa mwenzake mgongo. Kabla mpira haujaanzishwa, mkono wake mmoja unakwenda nyuma ya kiuno, vidole vinafunguka na kufumba. Mwenzake anasoma: nabaki hapa, au nakatiza upande wa pili. Hakuna neno linalotamkwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole ndivyo vinavyopanga vita.

Taji hili huchezwa katika kivuli cha lile la mmoja mmoja. Hata hivyo, ukiifuata historia yake utaona kwamba ni mlango ambao wengi waliokuwa nje waliingilia, kila mmoja akiwa na mwenzake.

Wimbledon ilianza mwaka 1877 kwa wanaume peke yao. Wanawake walisubiri hadi 1884 kupewa shindano la mmoja mmoja, na hadi 1913 kupewa rasmi lile la wawili wawili. Fainali ya mwaka huo ilitoa somo mapema. Winifred McNair na Dora Boothby walikuwa wameshapoteza seti ya kwanza, na katika ya pili wako nyuma kwa 4-2, pale Charlotte Sterry wa upande wa pili alipoumia akashindwa kuendelea. Mwenzake, Dorothea Lambert Chambers, bingwa wa miaka mingi, hakuwa na jeraha lolote, lakini naye alitoka uwanjani. Katika mchezo huu, akiumia mmoja mmeumia wote.

Baadaye Mmarekani Elizabeth Ryan alitwaa taji hili mara 12 kati ya 1914 na 1934, mara 6 akiwa na Mfaransa Suzanne Lenglen. La mmoja mmoja hakulipata kamwe.

Ila hadithi inayonigusa kuliko zote ni ya mwaka 1956. Althea Gibson alikuwa binti Mweusi wa Harlem, New York, aliyeanza kupiga mpira barabarani, kwenye mtaa uliofungwa magari ili watoto wacheze. Alikuwa wa kwanza wa rangi yake kukubaliwa kwenye mashindano makuu ya Marekani, mwaka 1950. Kukubaliwa uwanjani hakukumpatia marafiki. Angela Buxton, mzaliwa wa Liverpool, alikuwa Myahudi, naye aliyajua maisha ya kufungiwa milango ya klabu. Walikutana katika ziara ya tenisi India, na miezi michache baadaye wakaamua kucheza pamoja.

Walianza kwa kutwaa taji la Ufaransa. Kisha London, waliwabwaga Waaustralia Fay Muller na Daphne Seeney kwa 6-1, 8-6. Hakuna mchezaji Mweusi aliyekuwa amewahi kuwa bingwa Wimbledon kabla ya siku ile. Mwaka uliofuata Althea alirudi akachukua na taji la mmoja mmoja, lakini kombe lake la kwanza pale alilishika pamoja na Angela.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Miaka ya 1990 Althea alikuwa mgonjwa, hana fedha za kodi wala za dawa. Alimpigia simu Angela kama mtu anayeaga. Angela alimsaidia, kisha akahakikisha habari zake zinafika kwenye jarida la tenisi, na michango ikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Althea aliishi hadi 2003.

Wengine nao walipita mlango uleule. Mwaka 1961 wasichana wawili wa Marekani, Karen Hantze wa miaka 18 na Billie Jean Moffitt wa miaka 17, walishinda bila kutarajiwa. Huyo Billie Jean ndiye dunia ilimjua baadaye kwa jina la King, mpigania malipo sawa kwa wanawake. Kombe lake la 20 pale, mwaka 1979, lilikuwa pia la wawili, akiwa na Martina Navratilova. Venus na Serena Williams walilibeba mara 6 kati ya 2000 na 2016. Cara Black wa Zimbabwe alilileta Afrika mwaka 2004, 2005 na 2007.

Julai 2022 ilifika zamu ya Kenya. Katika shindano la vijana pale Wimbledon, la wasichana wawili wawili, Angella Okutoyi, pacha aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, aliungana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Wakashinda ya pili 6-4. Ya mwisho iliamuliwa kwa pointi, mshindi akitakiwa kufika 10 akiwa amezidi kwa mbili. Iliisha 11-9. Kabla ya hapo hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kutwaa taji la Grand Slam, yaani la mashindano makuu ya tenisi duniani.

Tulimshangilia Angella, na tulistahili. Lakini tunapowasimulia watoto wetu, tulitaje na jina la Rose Marie, kama vile Althea hatajwi bila Angela. Katika zile pointi 11, vidole vya mmoja vilisema, na macho ya mwingine yakasikia.