Historia ya Viungo Vitatu

Matrekta ya mwanzo yalirithi desturi ya farasi: plau lilifungwa nyuma kwa mnyororo au chuma kimoja, likaburutwa. Fordson, lililoanza kuuzwa mwaka 1917 na kusifika kwa bei nafuu, lilikuwa hivyo. Ncha ya plau ikinasa kwenye mwamba au kisiki, magurudumu ya nyuma yaligoma huku injini ikizidi kusukuma. Trekta liliinua pua, likapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Wakulima waliokufa hivyo si wachache.

Wakati huohuo Harry Ferguson, fundi wa County Down, Ireland, aliyewahi kuunda ndege na kuirusha mwenyewe mwaka 1909, alikabidhiwa na serikali kazi ya kusimamia matrekta ya kilimo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yeye na fundi wake Willie Sands wakashika wazo moja: plau na trekta viwe mwili mmoja.

Mfumo waliofikia baada ya miaka mingi ya majaribio unastahili kutazamwa kwa karibu. Mikono miwili ya chini huvuta. Kiungo kimoja cha juu husukumwa, kwa sababu plau likizama ardhini hutaka kubingirika mbele, na msukumo huo ndio unaoizuia pua ya trekta isiinuke. Udongo ukikaza, kiungo hichohicho hubana springi nene. Springi huamuru vali ya haidroliki, na plau huinuka kidogo. Udongo ukilegea, plau hushuka lenyewe, dereva hajagusa kitu. Uzito wa plau na mvuto wa udongo hukalia magurudumu ya nyuma, na hapo trekta jepesi hulima kama zito. Kwangu mimi, huu ni ugunduzi mkubwa kuliko injini yoyote iliyowahi kufungwa kwenye trekta.

Mwaka 1936 Ferguson alianza kuuza matrekta yaliyoundwa na David Brown wa Uingereza. Oktoba 1938 alikwenda Dearborn, Marekani, akamwonyesha Henry Ford mfumo wake, akautumia pia mfano mdogo wa trekta unaokwenda kwa springi. Wakapeana mkono bila hati yoyote. Ford 9N likatoka mwaka 1939.

Ford mzee alipowaachia wengine usukani, mkono ule haukutosha. Kampuni ilivunja ushirika, ikatoa 8N mwaka 1947 likiwa na viungo vilevile. Ferguson alishtaki, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Kufikia hapo alikuwa na trekta lake, TE20, lililoundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya nusu milioni.

Washindani walijitahidi. International Harvester walileta Fast-Hitch, Allis-Chalmers wakaleta Snap-Coupler; dereva alirudi nyuma tu, zana ikajifunga. Ilikuwa mifumo mizuri, lakini kila mmoja ulimfunga mkulima kwa zana za kampuni moja. Hataza za Ferguson zilipokwisha muda, hata kampuni ya John Deere ilipotoa matrekta mapya mwaka 1960 iliweka viungo vitatu.

Massey Ferguson 135, lililotoka katikati ya miaka ya 1960 na bado linalima Kenya na Tanzania, lina viungo hivyo. Vipimo vya pini vikakubaliwa na wote: kwa trekta dogo, milimita 22 chini na 19 juu. Plau lenye pini hizo, hata likiundwa leo, hukaa kwenye TE20 la mwaka 1946.