Wasia wa Baba Karani: Kumbukumbu ya Shaaban Robert

Chama cha kusaidiana kina madeni mawili: deni kwa walio hai na deni kwa waliotangulia. La kwanza twalilipa kwa shilingi. La pili hulipwa kwa kukumbuka. Basi katika taarifa hii twamkumbuka Shaaban Robert wa Tanga. Watoto wa Kenya wamesoma vitabu vyake shuleni kwa miaka mingi, lakini ni wachache wamjuao kama mtumishi na mzazi.

Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akadumu humo hadi 1944. Kisha alihamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 alirejea Tanga, akatumika katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Wenzetu waliopata kuhamishwa kazini wanajua maana ya safari hizo: mizigo kufungwa, jamaa kuachwa, na watoto kuanza upya ugenini.

Juu ya kazi ya mshahara aliongeza kazi ya watu. Alikuwa mjumbe katika baraza la mji wa Tanga, na katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Vitabu aliviandika baada ya saa za ofisi.

Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto. Mshahara wa karani haukuwa wa kununua mashamba ya kurithisha. Naye akawaandikia wanawe wasia kwa mashairi: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Humo aliwafunza kumcha Mungu, kuheshimu watu, kupenda elimu na kutoogopa kazi. Tenzi hizo zimo katika Maisha Yangu, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1949. Hivyo maneno ya baba mmoja kwa wanawe yakawa urithi wa nyumba nyingi.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru Desemba 1961, akazikwa kwao Vibambani.

Wanachama wapendwa, mara ngapi tumechanga sanda na nauli ya kumrudisha mwenzetu kwao, tukawakuta watoto wasiomjua baba yao ila kwa fedha alizopeleka kila mwezi? Michango yetu itamzika mtu kwa heshima, lakini haiwezi kusema aliyoyanyamaza. Si kila baba mtunzi. Hata hivyo barua moja yatosha, na asiyejua kuandika ana ulimi.

Mungu amrehemu baba huyu, na atujalie sisi kunena na wana wetu tungali hai.