Nyasi Kavu za Petro

Kijiji cha Tihany kimekaa juu ya rasi inayoingia ndani ya Ziwa Balaton, magharibi mwa Hungaria. Nilikwenda huko mwezi wa Mei, kwa treni kutoka Budapest hadi Balatonfüred, kisha kwa basi lililopanda kilima polepole. Kwenye begi nilikuwa na sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili, iliyorudishwa na msimamizi wangu. Pembeni alikuwa ameandika: masimulizi ya bibi yako yanavutia, lakini hati iko wapi?

Swali hilo lilinichoma kwa sababu halikuwa la tasnifu peke yake. Nyumbani, Pangani, shamba letu la minazi lina mgogoro wa mpaka. Aliyeujua mpaka wote alikuwa bibi, mzaa baba. Nilipokuwa mdogo alinishika mkono tukauzunguka. "Mjukuu wangu, tia akilini," alisema. "Kutoka mwembe huu mpaka kisima cha zamani, kutoka kisima mpaka njia ya wavuvi." Nilikuwa na miaka saba, nilitia akilini maembe tu. Bibi alifariki nikiwa huku masomoni, na sasa kila kikao cha mgogoro kinawauliza baba zangu wadogo swali lile lile la msimamizi wangu.

Basi nilikwenda Tihany nikiifuata hati yenye sifa kuliko zote katika lugha ya Kihungaria, nione hati ya kweli inafananaje.

Mwaka 1055 Mfalme András wa Kwanza alianzisha hapa abasia ya watawa Wabenedikto, kwa heshima ya Bikira Maria na Mtakatifu Anianus, ili pawe pia mahali pa kuzikwa yeye na jamaa zake. Hati ya kuanzisha abasia iliandikwa kwenye ngozi, kwa Kilatini, kama ilivyokuwa desturi. Hati asili inatunzwa kwenye abasia ya Pannonhalma. Ndani yake mfalme anataja ardhi aliyowapa watawa, na pamoja na ardhi anatoa watu: wakulima, watunza mizabibu, wavuvi, wachunga farasi na nguruwe, wafuga nyuki, wahunzi, wapishi.

Lakini karani alipofika kwenye mipaka, Kilatini kilimwishia. Utasemaje kwa Kilatini mahali ambapo wanakijiji wamepaita kwa jina lao tangu zamani? Ikabidi aandike kama alivyosikia. Hapo ndipo yanapoonekana maneno ya Kihungaria ya zamani sana, kati ya ya kwanza kabisa yaliyobaki katika maandishi: pango la mbweha, kisima cha njia ya zamani, mahali pa nyasi kavu za Petro. Maarufu kuliko yote ni kipande hiki: *feheruuaru rea meneh hodu utu rea*, yaani mpaka njia ya jeshi iendayo Fehérvár, mji walikotawazwa wafalme.

Mwanafunzi wa Kihungaria hujifunza mapema kwamba *-ra* na *-re* hugandishwa mwishoni mwa neno kuonyesha mahali unapoelekea. Anayetoka kwenye Kiswahili hashangai sana, maana sisi nasi tunagandisha *-ni* tukisema shambani na kisimani. Katika ngozi ile ya 1055 kiambishi hicho bado kinasimama peke yake, *rea*, hakijashikana na jina.

Ila kilichonisimamisha mimi ni yule Petro. Hakuwa mfalme wala askofu. Alikuwa mtu mwenye nyasi kavu za mifugo wake, na majirani walipazoea mahali pake hata pakawa alama. Karani hakumjua Petro. Lazima kuna mtu alimwambia. Pengine walitembea pamoja, mmoja akionyesha kwa kidole, mwingine akishika wino. Hati hii inayoheshimiwa kwa kuwa ni hati imejengwa juu ya mdomo wa mwanakijiji ambaye jina lake hatunalo. Mwaka 1211, enzi ya András wa Pili, mali za abasia ziliorodheshwa upya, na safari hiyo watumishi wengi waliandikwa kwa majina yao. Shahidi wa mipaka ya mwanzo hakupata bahati hiyo.

Niliingia kanisani. Minara yake miwili huonekana kutoka mbali ziwani, lakini jengo la juu si la András. Katika karne ya 16 abasia iligeuzwa ngome dhidi ya Waturuki wa Osmani, na kanisa tunaloliona leo lilijengwa kati ya 1719 na 1754. Madhabahu zake za mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu ni kazi ya fundi Sebestyén Stulhof. Watu husimulia kwamba malaika aliyepiga magoti kwenye madhabahu ya Maria ana sura ya mchumba wa fundi huyo, aliyekufa akiwa bado kijana. Hakuna hati ya jambo hilo. Kila mgeni huonyeshwa malaika huyo hata hivyo, nami nilimtazama usoni kwa muda mrefu.

Ukishuka ngazi unakuta chumba cha chini, na hicho ndicho cha karne ya 11. Nguzo zake ni fupi na nene. Chini ya jiwe jeupe lililochongwa fimbo amelala András, aliyefariki mwaka 1060. Kaskazini zaidi, kwenye mwamba laini wa volkano, kuna vyumba vidogo vilivyochimbwa na watawa wa Kiorthodoksi. Wanahusishwa na malkia wake, Anastasia, binti wa Yaroslav wa Kiev. Pande mbili za Ukristo ziliishi jirani kwenye rasi moja. Mwaka 1950 serikali ya kikomunisti ilipiga marufuku mashirika mengi ya kitawa na Wabenedikto wakaondolewa Tihany. Walirudi miaka ya 1990.

Jioni nilikwenda kwenye kilima cha mwangwi. Hadithi yake inasema palikuwa na binti wa mfalme, mchunga mbuzi wenye manyoya ya dhahabu. Sauti yake ilikuwa tamu, lakini kwa kiburi hakumjibu mtu yeyote. Mwana wa mfalme wa ziwa alimpenda, akanyamaziwa, akafa kwa huzuni. Baba yake alikasirika. Mawimbi yakawameza mbuzi wote, na binti akafungwa mwambani, alaaniwe kumjibu kila apitaye na kumwita. Mpaka leo ziwa hutupa ufukoni kwato za mbuzi wale. Wanasayansi wanasema ni vipande vya kombe wa kale wa jenasi ya *Congeria*, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Nilikiweka kimoja kiganjani. Kweli ni kombe. Na kweli kinafanana na ukwato.

Zamani mwangwi huo ulikuwa na nguvu hata mshairi Csokonai akautungia shairi. Sauti ilitoka kilimani, ikagonga ukuta wa kanisa, ikarudi. Siku hizi nyumba na miti iliyoota katikati vimeudhoofisha. Wazee wanaolijua jambo hili wanakwambia usimame mahali fulani hasa, uite kwa sauti kubwa.

Nilisubiri watalii wapungue, nikaita, "Bibi!"

Kilichorudi kilikuwa hafifu, karibu na kitu ambacho mtu angeweza kujidanganya amekisikia. Sikuita tena.

Kwenye basi la kurudi nilimpigia simu baba mdogo. Nilimuuliza ni wazee gani waliobaki kijijini waliowahi kuuzunguka mpaka pamoja na bibi. Akataja wawili, mmoja haoni vizuri. Nikamwambia, "Baba, naomba mtembee nao wiki hii hii. Waseme wenyewe, nawe andika kama wanavyosema, jina la kila mti na kila kisima, hata jina likiwa la kuchekesha. Usilisafishe."

Alikaa kimya kidogo. "Na hiyo itakuwa hati?" aliuliza.

Nilimweleza habari za Petro na nyasi zake. Alicheka, kisha akasema kesho alfajiri angetafuta daftari.

Sura ya pili niliiwasilisha mwezi uliofuata. Bibi bado yumo, na sikumpeleka kwenye tanbihi.