Nani Anasema "Mimi"? Rangi, Kabila na Hisia za Msikilizaji wa Rapu ya Kiswahili, kwa Kulitazama Bonde la Kilombero

Chita iko chini ya milima ya Udzungwa, ukingoni mwa bonde la Kilombero, upande wa Mlimba. Watanzania wengi ambao hawajawahi kufika huko hulijua jina hilo kwa sababu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana wa mikoa mbalimbali wamepita pale, wakalima mpunga na wakakimbia mchakamchaka alfajiri huku wakiimba. Katika nyimbo hizo, ambazo makuruta huziita chenja, mmoja hutoa na wengine huitikia, na vishindo vya miguu ndivyo ngoma yenyewe. Huo ni usemi unaotegemea mapigo kuliko melodia, na asiyejali sana majina ya tanzu angeweza kuuita ndugu wa rapu. Hata hivyo, nafsi inayosema ndani yake ni moja tu, nayo ni "sisi". Anayeimba hasemi kwamba yeye ni Mndamba, Mhaya au Mmakonde. Jeshi hilo, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikusudiwa pamoja na mambo mengine kuziyeyusha nafsi hizo katika chungu kimoja cha taifa.

Mwaka 1994 mafunzo ya lazima kwa vijana wahitimu yalisitishwa, na hayakurejea hadi mwaka 2013. Mwaka huohuo wa 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, na vijana wakaanza kusikia rapu hewani kila wiki. Haitakuwa sahihi kudai kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Lakini mwanahistoria wa lugha hawezi kupita hapo bila kusimama: "sisi" iliyoimbwa kwa amri ilipungua sauti katika kipindi kilekile ambacho "mimi" ilikabidhiwa kipaza sauti.

Swali linalochunguzwa hapa linahusu hisia. Rapu ya Marekani ilipofika Afrika Mashariki ilibeba historia ya watu weusi waliobaguliwa kwa rangi yao katika nchi ambamo walikuwa wachache. Kijana wa Kariakoo au wa Ifakara hakuwa na historia hiyo. Alizaliwa katika nchi ambamo karibu kila aliyemzunguka alikuwa mweusi, na ambamo Azimio la Arusha lilikuwa limeifundisha shule nzima kuzungumza kuhusu unyonyaji badala ya rangi. Kwa nini basi aliguswa? Jibu lililozoeleka ni kwamba rangi ni moja na dhiki ni moja. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halielezi kwa nini baadhi ya nyimbo zilizozungumzia weusi waziwazi hazikuingia mioyoni kwa upana, ilhali nyingine ambazo hazikuutaja kabisa ziliimbwa na nchi nzima. Hoja ya makala haya ni kwamba msikilizaji wa rapu ya Kiswahili hakufungwa na rangi iliyotajwa. Alifungwa na nafasi ambayo wimbo ulimwachia ya kusema "mimi" ndani yake. Hoja hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri katika bonde la Kilombero kuliko jijini.

Yafaa kuanza na msamiati, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja tulivu la dhana hii. James Brennan, katika kitabu chake Taifa cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi neno hilo lilivyobeba maana ya mbari katika mijadala ya mjini enzi za ukoloni kabla ya kutulia katika maana ya nchi. "Mbari" yenyewe imebaki kwa wasomi. "Rangi" husema habari za mwili tu, na "asili" husema mengi mno. "Uzawa", lililovuma katika siasa za miaka ya 1990, lilikuwa na shabaha: lilielekezwa kwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na wala halikuwa neno la kujielezea.

Mahali ambapo Kiswahili kiliihifadhi rangi kwa uthabiti ni katika majina ya mahali. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: hii ndiyo ramani ambayo mipango miji ya kikoloni iliichora, na majina yakabaki baada ya sheria zake kuondoka. Baada ya uhuru maana ilihama. Anayeishi uzunguni leo si lazima awe Mzungu. Inatosha awe na uwezo. Anayeishi uswahilini hutambulishwa kwa msongamano, kelele na uhaba. Rangi iligeuka tabaka, lakini kiambishi kikaendelea kukumbuka kilikotoka. Kwa hiyo msanii aliyesema anatoka uswahilini alitaja rangi na umaskini kwa neno moja, bila kuhitaji kutaja weusi. Neno la Kimarekani lenye kazi kama hiyo lilipokopwa lilipatwa na jambo la kuchekesha kidogo: "geto" katika Kiswahili cha vijana si mtaa wa waliobaguliwa, bali ni chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa. Mtaa mzima wa historia ya Marekani ulisinyaa ukawa chumba chenye kitanda na redio. Sosholojia ilipotea njiani. Kilichobaki ni upweke na uhuru wa mtu mmoja, na pengine hicho ndicho msikilizaji alichokihitaji.

Historia ya miaka ya mwanzo inaunga mkono tafsiri hii. Rapu ya Kiswahili iliyovuma kwanza ni ile ya Saleh Jabir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyetia maneno ya Kiswahili katika "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice. Haielekei kwamba jambo hili limepewa uzito unaostahili: Vanilla Ice ni Mmarekani mweupe. Wimbo uliofungua mlango haukutoka katika rapu ya kupigania weusi, na kilichowashtua wasikilizaji kilikuwa lugha yao wenyewe kusikika katika mdundo ule. Kundi la Kwanza Unit, lililoundwa mwaka 1993, ndilo lililolibeba zaidi suala la utambulisho kama itikadi. Liliota taifa la wanahipohopo, Kwanzania, lenye mwelekeo wa Uafrika mpana, na katika miaka yake ya mwanzo lilitumia sana Kiingereza. Kundi hilo liliheshimiwa, na hadi leo linaheshimiwa. Hata hivyo, taifa la kuotwa humtaka msikilizaji ajiunge kwanza ndipo aguswe, na wengi hawakuwa na tiketi ya lugha.

Mr II, yaani Joseph Mbilinyi, alitoa albamu yake ya Ni Mimi mwaka 1995, kisha Ndani ya Bongo mwaka uliofuata. Anwani hizo mbili zikisomwa pamoja ni sentensi kamili: nafsi na mahali pake. Neno "Bongo" lenyewe, ubongo uliokuzwa kwa kuondolewa kiambishi, humtambulisha mtu kwa akili anayohitaji ili aishi. Halisemi rangi, kabila wala dini yake. Ndilo jina la utambulisho lililo wazi kuliko yote yaliyowahi kubuniwa na Kiswahili cha mitaani, kwa maana yeyote mwenye shida na maarifa anaweza kuingia.

Mwaka 2001 Professor Jay, yaani Joseph Haule, katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu, alifanya jambo jingine na nafsi ya kwanza. Katika "Ndio Mzee" anayesema "mimi" ni mgombea anayeahidi makubwa, na umati unamwitikia. Umbo lake ni la kutoa na kuitikia, kama mchakamchaka wa Chita, isipokuwa kwamba anayeitikia sasa anamcheka anayetoa. Msikilizaji hakupewa nafasi ya msemaji bali nafasi ya kibwagizo, na humo akajiona jinsi alivyowahi kuitikia ya viongozi bila kuuliza. Kwamba msanii huyo baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, mwaka 2015, ni kejeli ambayo historia imeitunga bila msaada wa mshairi. Mikumi ndiko inakochepuka barabara ya kwenda Kidatu, Ifakara na bonde zima.

Wimbo unaoipima hoja hii vikali zaidi ni "Mi Mmasai" wa Mr. Ebbo, Abel Motika, uliotoka mwaka 2002. Hapa kabila linatajwa tena, na linatajwa katika nafsi ya kwanza, jambo ambalo elimu ya siasa ya miongo mitatu ilikuwa imelifanya lionekane kama utovu wa adabu. Kisarufi anwani hiyo haina kosa. Kiswahili huruhusu kuacha "ni" baada ya kiwakilishi, na "mi" ni mkato wa kila siku wa "mimi". Lakini wimbo wenyewe umeghaniwa kwa lafudhi ya Mmasai anayesema Kiswahili, pamoja na upatanisho unaoyumba, na kwa hiyo msikilizaji huisikia hata sentensi sahihi kama ya kigeni. Kwanza hucheka. Kisha msemaji anajivunia kwamba yeye ameshika mila yake, na kicheko kinamgeukia aliyecheka, kwa kuwa yeye, mwenye Kiswahili sanifu, huenda hawezi tena kuwaamkia bibi na babu zake kwa lugha yao.

Tafiti za hisia katika rapu hupenda hasira na huzuni. Kicheko hupuuzwa, kana kwamba ni hisia nyepesi. Katika wimbo huu kicheko ndicho mlango, na kinachofuata baada yake ni kitu kilicho karibu na wivu. Kijana wa Kipogoro au wa Kindamba anayeuimba hajidai kuwa Mmasai. Anaazima "mimi" ya mtu mwingine ili aseme kuhusu upungufu wake mwenyewe. Wagosi wa Kaya wa Tanga walifanya jambo la jirani na hilo wakati huohuo kwa jina lao la Kisambaa, ingawa wao walizungumza zaidi kuhusu mji wao. X Plastaz wa Arusha walikwenda mbali zaidi, wakaingiza uimbaji wa Kimasai wenyewe katika rapu, lakini albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa Ujerumani mwaka 2004, na "mimi" yake ilisikika zaidi na watu ambao kwao Mmasai alikuwa picha ya Afrika. Mwaka 2009 Gsann wa kundi hilo alighani kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za BET nchini Marekani. Safari hii Kiswahili ndicho kilichowafikia Wamarekani weusi, ambao wengi wao hawakuelewa neno lakini walielewa mahali palipotajwa na sauti.

Sasa ni lazima kurudi bondeni, kwa sababu huko ndiko kuazima nafsi ya Mmasai kunakokuwa na gharama. Utambulisho wa bonde la Kilombero haujawahi kuwa wa kabila moja. Wandamba wa mitoni, Wapogoro wa upande wa Mahenge, Wabena ambao Culwick na mkewe waliwaandika mwaka 1935 kama Wabena wa mitoni, Wahehe wa milimani: karibu kila jamii ina simulizi ya kufika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta wengine. Na katika miongo ya karibuni wakaja wenye ng'ombe, yaani Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai. Mwaka 2002, mwaka uleule wa "Mi Mmasai", bonde liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo na wenye mifugo bondeni.

Lugha ya operesheni kama hiyo inastahili kusikilizwa kwa makini kama unavyosikilizwa wimbo. Kiswahili cha utawala hakitaji kabila. Husema "wafugaji", "mifugo iliyozidi", "wahamiaji". Kwa mtazamo wa sera hiyo ni adabu njema, na imeliepusha taifa na mengi. Lakini kila anayesikiliza redio Ifakara anajua ni nani anayetajwa. "Mfugaji" limekuwa bondeni kile ambacho "uswahilini" lilikuwa mjini: neno linalobeba asili ya mtu chini ya shughuli yake. Tofauti ni kwamba "uswahilini" lilichukuliwa na wenyewe wakaligeuza kuwa fahari, ilhali "mfugaji", katika vinywa vya wakulima waliokanyagiwa mpunga, hutamkwa na wengine katika nafsi ya tatu. Mkulima huyo naye hasemi uongo. Mpunga ulioliwa ni njaa ya mwaka mzima. Ndiyo maana suala haliwezi kumalizwa kwa kuwahimiza watu wapendane.

Hapo mpaka wa hoja unaonekana. Wimbo ulimruhusu msikilizaji wa bondeni aseme "mi Mmasai" kwa dakika nne, acheke, aone wivu, aguswe kweli. Haukumtaka amsikilize Mmasai. Nafasi iliyoachwa wazi katika nafsi ya kwanza ilikuwa pana kiasi kwamba mwenye nafsi hiyo angeweza kutokuwepo. Mr. Ebbo mwenyewe, aliyekuwa Mmasai na aliyeishi Tanga, alilijua hilo zaidi ya wahakiki wake: katika wimbo wake Mmasai anajibu, anabisha, hakubali kuwa pambo. Alifariki tarehe 1 Desemba 2011, kabla ya mwaka wa operesheni ya bondeni kuanza. Kwa tarumbeta za magari ya matangazo yaliyopita vijijini mwaka uliofuata, neno lilikuwa "wafugaji".